Tunguu na Udongo Wake

Mtu anunuapo maua ya gladiola mjini hutazama urefu wa shina, rangi ya maua, na jinsi yalivyojipanga kama askari katika gwaride. Hatazami kilichobaki chini ya udongo, wala hana haja nacho. Lakini mkulima akilitazama ua kwa macho ya mnunuzi atapata hasara, kwa kuwa mali yake haimo katika ua, imo katika tunguu. Ua huuzwa mara moja likaisha. Tunguu likitunzwa vema huzaa tunguu jingine, na hilo nalo huzaa lake, mwaka baada ya mwaka.

Watu wengi walio na kiwanja kidogo, au walio mjini penye uwanja wa hatua chache tu, hupanda maua haya katika madebe, ndoo, vyungu na masanduku. Jambo hilo ni jema, maana kazi yake haihitaji jembe la ng'ombe wala ekari nyingi. Ila swali huwa ni lile lile: chombo kijazwe nini? Wengine hujaza udongo wowote ulio karibu na mlango, wakifurahi kwamba haukuwagharimu senti. Wahenga walisema kuwa rahisi ni ghali, na katika jambo hili hawakukosea.

Akiba idanganyayo

Tunguu si kitunguu. Kitunguu kikikatwa huonyesha ganda juu ya ganda. Tunguu likikatwa ni nyama tupu mfano wa kiazi. Ni kitako cha shina kilichovimba kwa sababu ya kuweka akiba ya chakula. Gladiola huota kutoka katika tunguu la namna hiyo, na frisia vivyo hivyo.

Jamii ya gladiola ni wenyeji wa Afrika kwa sehemu kubwa, na aina zilizo nyingi zaidi zimo Afrika ya Kusini. Aina moja, ambayo wataalamu huiita Gladiolus dalenii, huota yenyewe katika nyanda za nyasi na penye mawe mawe huku kwetu Afrika ya Mashariki, nayo hutoa maua ya rangi ya machungwa au ya manjano. Gladiola nyingi za bustani zina damu yake. Mmea huu hupata mvua, hukua upesi, hutoa ua, kisha hulala wakati wa kiangazi. Kwa hiyo umezoea maji yapitayo, wala si maji yatuamayo.

Sasa ifahamike siri moja. Kwa kuwa tunguu limebeba akiba yake, huweza kutoa ua hata likipandwa mahali pasipofaa. Mtu ajazaye debe kwa udongo mbaya huona shina linatoka, maua yanafunguka, naye husema moyoni kwamba udongo wake hauna kasoro. Lakini ua lile halikutokana na udongo wake. Sehemu kubwa lilitokana na chakula kilichowekwa msimu uliopita katika shamba la mtu mwingine.

Wakati ua linapokua, tunguu la zamani hunyauka polepole, na tunguu jipya huanza kujengwa juu yake. Pembeni hutokea vitoto vidogo vingi, ambavyo vikipandwa na kulelewa misimu miwili au zaidi huwa matunguu kamili. Tunguu jipya hunenepa hasa baada ya ua kukatwa, kwa muda wa majuma 6 hadi 8. Hapo ndipo udongo hutoa hukumu yake, nayo hutolewa gizani, mahali ambapo mkulima haoni.

Mfano wa majirani wawili

Na uchukuliwe mfano wa majirani wawili, makarani wa ofisi moja, ambao kila mmoja amenunua matunguu 100 yenye mzingo wa sentimita 10 hadi 12. Fedha zimetoka katika mishahara yao, na wake zao hawakupendezwa sana na matumizi hayo. Wa kwanza ajaza madebe kwa udongo mweusi wa bondeni, ule upasukao nyufa wakati wa jua na kunata kama gundi wakati wa mvua. Wa pili atafuta mchanganyiko mwepesi, naye achekwa kwa kununua taka.

Msimu wa kwanza wote wawili wakata maua. Ya wa pili ni mazuri kidogo zaidi, lakini tofauti si ya kutangazwa barazani. Kisha wafukua. Wa kwanza apata kwamba matunguu mengi yameoza, na yaliyobaki ni madogo kama sarafu. Wa pili apata matunguu 90 na zaidi, manene na makavu, pamoja na vitoto tele.

“Ndugu yangu,” auliza wa kwanza, “mbona maua yetu yalikuwa karibu sawa?”

“Maua yalikuwa sawa, bwana,” ajibu mwenziwe. “Mimi na wewe tulikula akiba ya mtu aliyetuuzia. Mwaka huu ndipo tutakapokula yetu.”

Huo ni mfano tu, lakini mambo yake ni ya kweli, na hutokea kila mahali ambapo mtu huchagua udongo kwa ajili ya ua lililo juu na kulisahau tunguu lililo chini.

Kwa nini udongo mzuri huharibika ndani ya debe

Wakulima wa milimani wataona ajabu wakiambiwa kwamba udongo wao mwekundu, uoteshao kahawa na mahindi vizuri, huweza kuua tunguu ndani ya debe. Sababu ni hii. Shambani udongo huo una kina cha mita nyingi. Maji ya mvua hushuka, na udongo ulio chini huyavuta yaendelee kushuka, na nyuma yake hewa huingia. Ndani ya debe hakuna kilicho chini isipokuwa bati. Maji yakifika chini husimama, na tabaka la udongo lililo juu ya tundu hubaki limelowa hata kama matundu ni mengi. Tena udongo ukimwagiliwa kila mara hupoteza chembechembe zake, hushikana, na nafasi za hewa huzibika.

Mtu asiyeamini na achukue sponji ya kuogea iliyo ndefu. Ailoweshe kabisa, kisha aishike ikiwa imelala, mpaka isidondoke tena. Halafu aisimamishe kwa ncha yake. Ataona maji mengine yanatoka. Sponji ni ile ile, lakini ikisimama maji hushuka zaidi, na sehemu ya juu hupata hewa. Vivyo hivyo chombo kirefu humwaga maji vizuri kuliko chombo kifupi kilichojazwa mchanganyiko ule ule.

Kutokana na jambo hilo hupatikana mafundisho mawili. La kwanza, chombo cha gladiola kisipungue kina cha sentimita 30, kwa kuwa tunguu hupandwa sentimita 10 hadi 15 chini ili shina lisimame imara, na mizizi huhitaji nafasi chini yake. Frisia hutosheka na kina cha sentimita 5 hivi juu ya tunguu lake. La pili, desturi ya kuweka kokoto chini ya chombo ili maji yatoke haina faida iliyodhaniwa. Maji hayapendi kuacha udongo mwembamba na kuingia katika kokoto. Husimama juu ya kokoto, na lile tabaka lililolowa husogezwa karibu zaidi na tunguu. Kokoto hizo zikichanganywa na udongo wote zitafaa. Zikitandikwa chini peke yake zitapunguza nafasi tu.

Vitu vya kuchanganya

Mchanganyiko mwema hufanya kazi tatu: hushika maji ya kutosha siku moja au mbili, huacha hewa ipite, na hushika shina lisianguke. Hakuna kitu kimoja kifanyacho yote matatu kwa ukamilifu, na ndiyo sababu watu huchanganya.

Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, wataalamu wa chuo cha John Innes walitengeneza mchanganyiko wa vyungu ambao ulipata sifa nyingi: sehemu 7 za udongo tifutifu uliopashwa moto, sehemu 3 za mboji ya kinamasi iitwayo piti, na sehemu 2 za mchanga mkubwa. Si lazima mkulima wa huku auige. Piti huchimbwa katika vinamasi vilivyochukua maelfu ya miaka kujengwa, na kuinunua kutoka ng'ambo ni gharama ambayo haina haja. Lenye kufaa kuigwa ni fikira yake: kipimo kinachojulikana, na udongo uliosafishwa.

Vitu vinavyopatikana katika nchi hii ni vingi, na kila kimoja kina wema wake na ila yake.

Mawe mepesi ya volkano, yale yaeleayo majini ambayo wafanyabiashara huyaita pamisi, hupatikana katika Bonde la Ufa, na mashamba makubwa ya maua ya Naivasha huyatumia. Yakipondwa yawe ya ukubwa wa punje ya mahindi au chini kidogo, kisha yakachekechwa vumbi, hutia hewa nyingi na hayaozi. Lakini hayana chakula.

Vumbi la makumbi ya nazi hutoka pwani. Hushika maji vizuri na ni jepesi kuchukua. Ila mtu akumbuke kwamba makumbi huwa na chumvi yake, na zaidi sana yakiwa yamefukiwa ufukoni miezi mingi kama wafanyavyo wasokota kamba wapate usumba. Yafaa vumbi hilo liloweshwe katika maji baridi na kukamuliwa mara mbili au tatu kabla ya kutumiwa. Tena lina upungufu wa kalisi, na mbolea yenye kalisi ni lazima iongezwe.

Mchanga wa mtoni ni mwema ukiwa mkubwa na umeoshwa. Mchanga mwembamba hujaza nafasi za hewa badala ya kuziongeza. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwa ajili ya chumvi yake.

Makapi ya mpunga, kama yale yapatikanayo kwa wingi huko Mwea, hutia hewa. Yakichomwa kidogo mpaka yawe meusi bila kuwa majivu huwa bora zaidi, kwa kuwa mbegu za magugu hufa na makapi huchelewa kuoza.

Unga wa mbao ukiwa mbichi ni mwizi. Vijidudu viuozeshavyo huchukua naitrojeni yote iliyo karibu, na mmea hubaki manjano kwa njaa. Usitumiwe kabla haujaoza kwa miezi mingi.

Samadi nayo, ikiwa mbichi, huunguza mizizi na kukaribisha uozo. Samadi au mboji iliyooza kabisa, isiyo na harufu wala joto, ndiyo ifaayo, nayo isizidi robo ya mchanganyiko.

Mkulima mwenye udongo tifutifu aweza kuanza na makarai 3 ya udongo uliosafishwa kwa joto, makarai 3 ya pamisi au mchanga mkubwa, na makarai 2 ya mboji iliyooza. Asiye na udongo wa kuaminika na achanganye vumbi la makumbi na pamisi, nusu kwa nusu, kisha alishe mimea kwa mbolea ya maji, maana mchanganyiko huo hauna chakula chake. Vipimo hivi ni mwanzo tu. Mahali penye baridi na mvua nyingi, kama Limuru au Kinangop, pamisi na iongezwe. Mahali penye joto na upepo mkavu, vitu vishikavyo maji na viongezwe.

Ncha za majani zikiungua

Kuna adui mmoja ambaye wakulima wengi humdhania kuwa jua kali au ukosefu wa maji. Jani la gladiola huanza kukauka kwenye ncha, rangi ya kahawia ikishuka polepole kwa ukingo. Mkulima huongeza maji, na hali huzidi kuwa mbaya. Aghalabu adui huyo ni madini ya floraidi.

Watu wa Bonde la Ufa wanayajua madini hayo kwa njia nyingine. Ndiyo yatiayo meno ya watoto rangi ya kahawia, kwa kuwa visima vingi vya upande huo vina floraidi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Gladiola na frisia ni miongoni mwa mimea iogopayo floraidi kuliko mingine yote. Hata maua yaliyokwisha kukatwa, yakitiwa katika maji yenye miligramu 1 kwa lita, huweza kudhurika.

Floraidi haiji kwa maji pekee. Mbolea ya superfosfati huwa nayo, na perlaiti, ile chembe nyeupe iuzwayo kwa ajili ya vyungu, pia huweza kuwa nayo. Kwa hiyo fosfati ya maua haya na itafutwe katika mboji au katika mbolea nyingine isiyo na madini hayo kwa wingi. Chokaa ya kilimo husaidia, maana huifunga floraidi isiingie mizizini. Mchanganyiko wa gladiola ukiwa na pH ya 6.5 hadi 7 hupunguza madhara. Na penye kisima kibaya, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ni hazina.

Maradhi yakaayo udongoni

Adui wa pili ni kuvu iitwayo Fusarium. Huyafanya majani yawe manjano kabla ya wakati wake, na tunguu likikatwa huonekana kahawia ndani. Kuvu hii huweza kuishi katika udongo miaka mingi ikingoja. Basi mchanganyiko uliotoa tunguu bovu usipandwe gladiola tena, wala usimwagwe kwenye kitalu cha jirani.

Udongo mpya usafishwe kwa mvuke. Pipa huwekwa maji kidogo chini, na juu yake kichanja chenye matundu, kisha udongo unyevu hutiwa na kufunikwa. Joto likifika digrii 82 za Selsiasi katikati ya udongo na kukaa hapo dakika 30, maradhi mengi hufa. Asiye na pipa autandaze udongo unyevu kwa tabaka jembamba juani, aufunike kwa karatasi angavu ya plastiki iliyozibwa kingo zake, auache majuma 4 hadi 6 ya jua kali. Lakini hakuna mvuke uwezao kumsaidia mtu apandaye tunguu bovu katika udongo safi. Kila tunguu na lishikwe mkononi: likiwa gumu na zito lipandwe, likiwa laini au lina madoa lichomwe.

Kipimo cha debe

Haifai kuamini macho tu. Kabla ya kupanda, mkulima na achukue chombo chenye kimo sawa na vile atakavyotumia, tuseme debe la lita 20, azibe matundu yake na kulijaza mchanganyiko. Amimine maji polepole mpaka yaonekane juu. Kisha azibue matundu na kuyakinga maji yote yatokayo. Maji yaliyotoka ndiyo kipimo cha hewa iliyoingia mahali pake. Yakitoka lita 4, hewa ni sehemu 20 katika 100, na hiyo ni hali njema. Yakipungua lita 2, tunguu litazama. Pamisi na iongezwe. Yakizidi lita 6, mchanganyiko utakauka upesi mno, na mboji au makumbi yaongezwe.

Baada ya kupanda, kila umwagiliaji na uwe wa kutosha hata maji kidogo yatoke chini, ili chumvi za mbolea zisijikusanye. Ukame uepukwe zaidi mmea unapokuwa na majani 4 hadi 7, kwa sababu wakati huo shina la ua hujengwa ndani, na maji yakikosekana ua hukauka kabla ya kuzaliwa.

Na siku ya kukata, kisu kisiwe na tamaa. Shina likatwe maua ya chini yanapoanza kuonyesha rangi, na majani 4 au zaidi yaachwe. Majani hayo ndiyo jiko lipikalo chakula cha tunguu jipya. Mtu akatwaye moyo na sokoni akachukua majani yote ili shina lionekane refu, ameuza tunguu la mwakani pamoja na ua, wala mnunuzi hakumlipa senti kwa ajili yake.

Mwisho, kila debe na liandikwe namba, na katika daftari iandikwe kilichomo ndani yake, maji yaliyotoka katika kipimo, siku ya kupanda, na uzito wa matunguu yaliyofukuliwa. Makarani wanajua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maua huhesabiwa na soko. Matunguu hayana mtu wa kuyahesabu ila mwenyewe. Mkulima akiona kwamba matunguu aliyoyatoa ni mengi na mazito kuliko yale aliyoyatia, hapo ajue kwamba udongo wake ni mwema, hata kama bei ya maua mwaka huo ilikuwa mbaya.